Hesabu ya Paa na Nyati: Umbo, Chakula na Tabia

Uwanda wa juu wa Makonde, palipo Newala na Tandahimba, hupata mvua lakini hauna mito. Udongo wake ni wa kichanga. Maji hudidimia upesi, na chemchemi hutokea chini, kwenye miteremko ya mabonde. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyefika Newala mwaka 1906, alieleza shida hiyo ya maji pamoja na vichaka vizito vya uwanda huo. Katika vichaka vya namna hiyo, vilivyotapakaa pwani ya Afrika Mashariki, huishi paa mdogo mwenye uzito wa kilo 4 hadi 6. Nyati, ambaye hana budi kunywa maji kila siku, hawezi kudumu mahali pasipo maji. Kwa nini wanyama hawa wawili, wote wenye kwato na wote walao majani, wametofautiana kiasi hicho?

Mwanauchumi angeanza kwa kuuliza mapato na gharama. Mapato ya mnyama ni nguvu na protini zilizomo katika chakula; gharama zake ni joto la mwili, mwendo, muda na hatari ya kuliwa. Mnyama hapigi hesabu hiyo kichwani. Wale ambao umbo na tabia zao huwaachia ziada huzaa zaidi, na watoto wao hurithi sifa hizo. Kwa vizazi vingi uteuzi wa asili hufanya kazi ya mkaguzi wa hesabu asiyesamehe hasara.

Mwaka 1932 Max Kleiber alionyesha kwamba mahitaji ya nguvu hayaongezeki sawasawa na uzito, bali, kwa wastani, hufuata kipeo cha robo tatu cha uzito huo. Tuchukue paa wa kilo 6 na nyati jike wa kilo 486. Uzito wa nyati ni mara 81 ya ule wa paa. Kipeuo cha nne cha 81 ni 3, na 3 × 3 × 3 ni 27. Basi nyati huhitaji nguvu mara 27 tu. Yaani kila kilo ya mwili wa paa hutumia nguvu mara 3 kuliko kilo ya nyati.

Tena tumbo la paa ni dogo, na chakula kigumu hakipati muda wa kuchachuka humo. Humlazimu kuteua machipukizi, majani mateke na matunda yaliyoanguka. Nyati hula nyasi ngumu kwa wingi, na vijidudu vya tumboni mwake huzimeng'enya polepole. Paa ni kama mnunuzi achaguaye korosho moja moja. Nyati ni kama ghala lipokealo shehena nzima bila kuichambua.

Kutokana na chakula hufuata tabia, kama alivyoonyesha Peter Jarman mwaka 1974 katika uchunguzi wake juu ya jamii ya swala wa Afrika. Chakula bora hupatikana hapa na pale. Kundi likipita, wa mbele humaliza na wa nyuma hukosa. Kwa hiyo paa huishi peke yake au wawili wawili katika eneo dogo, na hatari ikitokea hutulia tuli kichakani. Nyasi hutosha wengi, na kundi la nyati hupata faida ya macho na pembe nyingi dhidi ya simba. Majani mabichi humpa paa na maji pia, hata aweze kuishi bila kisima.

Hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Kichaka kikifyekwa kwa shamba la mihogo au mikorosho, au kikichomwa moto kila mwaka, nyasi zinazobaki ni hasara tupu katika hesabu ya paa. Mkulima naye ana hesabu yake, na njaa ya watoto si jambo la kubezwa. Lakini kuni, dawa za miti shamba na kivuli cha udongo ni mapato ya kichaka yasiyoandikwa katika daftari lolote. Hesabu isiyoonyesha mapato yote haiwezi kumwambia mtu iwapo amepata au amepoteza.