Afrigo, bendi ambayo haikuhitaji kurudi

Wapenzi wa roki Ulaya na Marekani wamezoea kungoja. Eagles walisambaratika mwaka 1980, wakaungana tena 1994, na watu wakamiminika viwanjani kana kwamba wamefufuliwa. Kampala mambo ni tofauti. Shabiki wa bendi kongwe kuliko zote Uganda hajawahi kuingojea irudi, kwa kuwa haijaondoka. Afrigo Band ilizaliwa 1975, Idi Amin akiwa madarakani, na mwaka 2025 ikatimiza miaka 50.

Moses Matovu, Jeff Sewava, Charles Ssekyanzi na wenzao walitoka Cranes Band, iliyokuwa na jina kubwa mjini, wakaanzisha ya kwao. Ulikuwa wakati mbaya wa kuanzisha chochote. Wafanyabiashara wa Kiasia walikuwa wamefukuzwa 1972 na uchumi ulikuwa hoi. Ikaja vita ya 1979 iliyomng'oa Amin, kisha vita vya msituni, hadi Kampala ilipoangukia mikononi mwa waasi wa NRM Januari 1986. Bendi ya dansi huishi kwa wateja wa usiku, na usiku wa Kampala wa miaka ile ulikuwa wa vizuizi vya barabarani na milio ya risasi. Ndiyo maana wazee waliocheza dansi siku hizo hawasimulii nyimbo tu. Husimulia pia namna walivyofika nyumbani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo rekodi kubwa ya Afrigo kuliko hata miaka yenyewe: ilipiga muziki mji ulipokuwa hauna sababu ya kucheza.

Rekodi nyingine inabebwa na mtu mmoja. Matovu amepita miaka 70 na bado saksafoni iko shingoni. Mtazame akiwa jukwaani: anamaliza ubeti, anarudi nyuma hatua moja, analamba midomo, anaingiza mdomo wa saksafoni, na wapulizaji wenzake wanajipanga chini ya sauti yake. Hana haraka. Mpigo wa ngoma za Kiganda unasikika ndani ya gitaa na dramu, na ndipo meza zinaanza kuachwa tupu. Anatoka mama mwenye vazi la gomesi, anatoka kijana wa ofisini aliyelegeza tai, mtu anasogea na noti mkononi kumtuza mwimbaji. Katika mji ambao mwanamuziki anaweza kujaza ukumbi akiimba juu ya CD, kundi zima la wapulizaji hai ni fahari, na mashabiki wanalijua hilo. Walioifuata Afrigo Club Obbligato kwa miaka mingi hawakuwa wakifuata nyimbo mpya. Walitaka kuona zinapigwa.

Mashabiki wakikaa wakabishana, ubishi huishia kwa waimbaji wa kike. Joanita Kawalya amesimama mbele ya bendi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na "Jim" ukipigwa ukumbi mzima humsaidia kuimba. Upande wa pili wako wanaoapa kwamba Afrigo ilifika kileleni na Rachel Magoola. "Obangaina" wake uliimbwa kwa Lusoga ukapendwa na Waganda, Wanyankole na Waacholi sawia, jambo lisilo dogo katika mji ambao Luganda ndiyo lugha ya muziki. Magoola baadaye akaondoka kujitegemea, na mwaka 2021 akaingia Bungeni kuwawakilisha wanawake wa Bugweri. Mimi niko upande wa Kawalya, kwa sababu ya kubaki kwake.

Simulizi ya muziki wa Kampala haiwezi kumruka mwimbaji Philly Lutaaya, ingawa hakuwa mtu wa Afrigo. Aliishi Sweden, ambako alifanya kazi na Mganda mwenzake Sammy Kasule. Mwaka 1989 akarudi na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, Mganda mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo, wakati ambapo wengine walizikwa kwa minong'ono. Akafa Desemba mwaka huohuo akiwa na miaka 38. Nyimbo zake za Krismasi bado husikika Kampala kila Desemba, sokoni na kwenye teksi, na sijui mwanamuziki mwingine wa Uganda ambaye sauti yake hurudi kwa uhakika namna hiyo.

Tukivuka mpaka, Afrigo ina wakubwa wake. Msondo Ngoma ya Dar es Salaam ilianza 1964 kama NUTA Jazz. Zaiko Langa Langa ya Kinshasa ni ya 1969. Wote hao ni watoto mbele ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar, kikundi cha taarab kilichoundwa 1905. Simba Wanyika wa Nairobi hawakuwa na bahati hiyo: mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga wakaunda Les Wanyika, na ndugu wawili waliokuwa nguzo, George na Wilson Peter Kinyonga, walipofariki miaka ya 1990, bendi nayo ikafa.

Ikhwani Safaa imewazika waanzilishi wake wote na bado inapiga, na hapo ndipo Afrigo inapokwenda kupimwa. Siku Matovu atakapoiweka saksafoni chini, wapulizaji vijana wanaosimama nyuma yake watahitaji kitu cha kujifunzia. Kazi za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa kwenye santuri na kanda, na kanda huoza. Redio, wakusanyaji wa mitaani na familia zilizotunza masanduku ya kanda wazitoe, zisafishwe, zihifadhiwe kwa dijiti wakati ambapo wanaume waliozipiga bado wako hai kutuambia nani alipuliza nini.