Injini Iliyofunikwa Ndiyo Inayopoa

Msomaji mmoja wa Moshi ameniletea swali nililolipenda tangu mstari wa kwanza. Anaendesha bodaboda aina ya Boxer, na injini yake iko wazi ili upepo uipige. Alipopita karibu na uwanja wa ndege aliona Cessna ndogo, akaambiwa kwamba hiyo nayo haina rejeta wala tone la maji, inapozwa na hewa tu. Ila injini yenyewe haionekani. Imefungiwa ndani ya boneti yenye matundu mawili mbele. Anauliza: mbona haichemki?

Niruke yale yaliyomo katika kila kitabu cha fizikia cha sekondari, ya petroli kuungua na pistoni kusukumwa. Kwa nini ndege ndogo zinakwepa maji nalo halihitaji maelezo marefu: rejeta, pampu, mabomba na maji yenyewe ni uzito, na bomba moja likipasuka angani hakuna pa kuegesha. Jabiru 2200, injini inayotengenezwa mjini Bundaberg nchini Australia, ina nguvu za farasi 85 na uzito wa kilo 60 na ushee. Mafundi wawili wanainyanyua kwa mikono. Lycoming O-360, injini nyingine ya ndege ndogo, yenye silinda nne na ujazo wa lita 5.9, inatoa nguvu za farasi 180. Gawanya kwa nne: kila silinda inazalisha nguvu za farasi 45. Boxer ya cc 100 inazalisha 8 hivi. Pikipiki inaweza kumudu kupozwa ovyo ovyo. Ndege haiwezi.

Neno "ovyo" nimelikusudia. Upepo ukiipiga silinda iliyo wazi, unaipoza mbele, unaambaa kidogo ubavuni, kisha unajitenga nayo. Nyuma ya silinda inabaki hewa inayozunguka palepale, imeshapata joto na haina haraka ya kuondoka. Upande mmoja wa chuma unapoa na mwingine unaungua, silinda inapinda kidogo, na pistoni haipendi kutembea ndani ya kitu kilichopinda.

Wabunifu wa zamani walifikiri kama msomaji wetu. Ndege aliyovukia rubani Lindbergh Atlantiki mwaka 1927 ilikuwa na silinda tisa zilizochomoza nje puani, zikipigwa na upepo. Mwaka uliofuata, huko Langley, Virginia, Fred Weick na wenzake wa NACA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa ndege, waliifunika injini ya namna hiyo kwa boneti, na ndani wakaweka mabati ya kuongoza hewa. Ndege ya Curtiss AT-5A waliyoijaribia ilitoka kasi ya kilomita 190 kwa saa hadi 220, bila kuongezewa nguvu yoyote, na injini haikuchemka. NACA ilitunukiwa Tuzo ya Collier ya mwaka 1929 kwa kazi hiyo.

Sasa tuingie ndani ya boneti, maana hapa ndipo utamu ulipo. Katika Cessna silinda zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Hewa inaingia kwa matundu ya mbele na kujaa chumba kilichoko juu ya silinda. Haipiti kwenda nyuma, nyuma kumezibwa. Njia yake ni kushuka, kati ya mapezi ya silinda (vile vibati vya chuma vinavyoizunguka), hadi chumba cha chini, kisha nje.

Fikiria ghala la bandarini. Magunia ni joto, hewa ni mahamali. Wanaingia getini mbio na kujaa uani, huku wengine wakizidi kuja nyuma yao, wanasukumana, na huko kusukumana ndiko mtaji wote wa mwenye ghala. Kutoka uani hadi barabara ya nyuma kuna njia moja tu: vichochoro kati ya malundo. Kichochoro kikiwa chembamba, kila hamali anagusa lundo kwa bega na hatoki bila gunia. Kikiwa kipana, wa pembeni wanabeba, wa katikati wanapita mikono mitupu wakipiga mluzi. Na mahamali hawa ni wavivu kupindukia. Toboa tundu kwenye uzio, hata dogo, wataliona kabla yako na kulikimbilia. Mwenye ghala akikaa barabarani kuhesabu wanaotoka atashangilia, kwa kuwa wameongezeka, ilhali magunia yako palepale. Zaidi ya hapo, msukumano uani umepungua, kwa hiyo hata vichochoroni sasa wanapita wachache. Anayetaka magunia yaondoke hafungui milango zaidi. Anaziba matundu.

Ndiyo maana injini iliyofunikwa vizuri inatumia hewa kidogo na kupoa zaidi. Uzio wa ghala letu ni mabati membamba ya alumini yanayoikumbatia silinda hadi upande wake wa chini, pamoja na kanda za mpira zinazoziba mwanya kati ya mabati hayo na boneti. Kiswahili hakijayapa mabati haya jina linalonitosheleza. "Vizuizi" siwezi, kwa sababu kazi yake ni kuipeleka hewa mahali, si kuizuia. Nimejaribu "vikingahewa" nikaona ni mbaya zaidi. Basi viwe vielekezi, hadi atakayeleta neno bora.

Msukumano wenyewe ni mdogo ajabu. Ndege ikiruka kilomita 220 kwa saa karibu na usawa wa bahari, mgandamizo inaoupata kwa kuikabili hewa haufiki asilimia 3 ya mgandamizo wa kawaida wa anga. Ukiupima kwa maji, unainua kama sentimita 23. Na unategemea mraba wa kasi: ndege inapopanda kwa kilomita 140 kwa saa zinabaki sentimita 9 hivi, tena wakati huohuo injini inatoa nguvu zake zote. Hapo ndipo rubani anapotazama sana geji ya joto la silinda hedi, ambalo kwa Lycoming halitakiwi kuvuka nyuzi 260 za Selsiasi. Sindano ikikaribia huko, anashusha pua kidogo ili kasi iongezeke, na kasi inarudisha mgandamizo. (Oili na petroli ya ziada nazo hubeba sehemu ya joto. Tuziache.)

Jabiru wamelifikisha wazo hili la uzio hadi mwisho: kila upande wa injini umevikwa boksi lake la faibaglasi linalopokea hewa moja kwa moja kutoka mbele, na boneti haitegemewi tena kuwa ukuta wa uani. Mwaka 2014 mamlaka ya usafiri wa anga ya Australia iliziwekea masharti ndege zenye injini za Jabiru baada ya injini kadhaa kufeli, lakini habari za bolti na vali ni za makala nyingine.

Fundi anayeifungua boneti na kuiungurumisha injini muda mrefu chini, akidhani anaipa hewa, anazibomoa kuta za ghala. Na wanafunzi wa ufundi mnaotaka kuyaona haya kwa macho, hamhitaji maabara. Tafuteni mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, ukunjeni kama herufi U, tieni maji yenye rangi, ncha moja ifike chumba cha juu na nyingine cha chini. Fundi mwenye leseni aufunge, mtu mwingine asome wakati rubani anaruka. Tofauti ya maji ikiwa ndogo kuliko inayotakiwa na mwenye kutengeneza injini, msikimbilie kupanua matundu ya mbele. Anzeni kwa kukagua kanda za mpira.