Hesabu Kwanza, Bisibisi Baadaye

Kabati la chuma la mitambo ya mtandao, ambalo mafundi huliita raki, limeundwa kwa vipimo vinavyofanana karibu dunia nzima. Bamba la mbele la kifaa kinachofungwa humo lina upana wa inchi 19, na kimo chake huhesabiwa kwa yuniti za milimita 44.45. Raki ya yuniti 42 hufika kama mita mbili kwenda juu. Kwa sababu hiyo swichi, ruta na seva za viwanda tofauti hukaa raki moja bila shida. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi: mtu huona kazi ni ya skrubu nne tu, akaanza kufunga kabla hajapiga hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Chukua raki ya kilo 70 yenye kina cha sentimita 80, haijafungwa sakafuni. Kitovu cha uzito wake kiko sentimita 40 nyuma ya ukingo wa mbele. Zidisha 70 kwa 40, unapata 2,800: hicho ndicho kinachoizuia isipinduke. Sasa vuta kwenye reli seva ya kilo 30 hadi kitovu chake kiwe sentimita 35 nje ya ukingo. Hiyo inaipindua raki kwa 1,050. Ya pili ikivutwa, jumla ni 2,100. Ya tatu inafikisha 3,150, na raki inamlalia fundi. Ndiyo maana raki hufungwa sakafuni kabla ya chochote kuingia, betri za UPS na vifaa vizito hukaa chini, na kifaa kimoja tu ndicho kinachovutwa kwa wakati mmoja. Kifaa kizito pia kinyanyuliwe na watu wawili.

Hesabu ya pili ni ya umeme. Vifaa vingi vya namna hii huvujisha umeme kidogo kwenye bodi ya chuma kupitia vichujio vyake. Vikiwa ishirini kwenye raki moja, mivujo hiyo midogo hujumlishana, na waya wa ethi ukikosekana, mkono wa fundi ndio unaoweza kuwa njia ya kwenda ardhini. Basi ethi huungwa mwanzo na kufunguliwa mwisho. Kwa walio kandokando ya Ziwa Victoria, eneo lenye radi nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, ethi mbovu ni hatari maradufu. Na kifaa chenye pawasaplai mbili hakijazimika mpaka waya zote mbili zichomolewe.

Umeme tuli nao una ujanja wake. Mwili huanza kuuhisi ukifika kama volti 3,000, ilhali vipuri vingine huharibika kwa chini ya 100. Fundi anaweza kuua kadi asijue. Mkanda wa kifundo cha mkono huondoa chaji hiyo ardhini taratibu kupitia ukinzani wa ohmu milioni moja. Hata akigusa volti 240 kwa bahati mbaya, ukinzani huo hauruhusu zaidi ya robo ya miliampea kupita kwenye mkanda.

Hesabu ya tatu ni ya joto. Karibu kila wati inayoingia kwenye raki hutoka ikiwa joto. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa takriban wati 3,500. Raki ikila 4,000, chumba kitazidi kupanda joto hata kiyoyozi kikifanya kazi usiku kucha. Nafasi zilizo wazi katikati ya vifaa nazo zizibwe kwa mabamba, la sivyo hewa moto ya nyuma itarudi mbele na feni zitavuta joto lilelile.

Kwa hiyo, mwenye ofisi, kabla hujamlipa fundi malipo ya awali, mwombe karatasi yenye mambo matatu: jumla ya kilo, jumla ya wati, na kipimo cha ethi ya jengo lako. Asiye nayo hajawa tayari kuanza kazi.