Broshi za shaba za Uingereza, na haki ya mwenye kuzichimbua

Ndugu wachimbaji, leo tuache kobalti kidogo. Tuseme kitu cha shaba chenye kuenea mu kiganja: broshi, ile pini kubwa ambayo wanawake wa Uingereza walikuwa wanafungia nguo karibu miaka 1,500 iliyopita. Mwanamuke alivaa mbili, moja kwa kila bega, na shanga zikining'inia katikati. Mara nyingine alikuwa na ya tatu, kubwa zaidi, ya kufunga nguo ya baridi. Fundi aliyeyusha shaba pamoja na bati, akaimwaga ndani ya umbo la udongo. Tajiri alipakiwa dhahabu juu, maskini alibaki na shaba yake tupu. Wengi walizikwa nazo, njo maana leo zinatoka mu mashamba zikiwa na kutu ya kijani, rangi ileile ya malakiti yetu.

Anayezitoa si mutu wa mine. Ni mutu wa kawaida ambaye siku hatumiki anatembea na detekta, mashini yenye kulia ikipita juu ya metali. Kwa shamba la mutu anahitaji paka ruhusa ya mwenye shamba.

Sasa sikieni sheria yao ya 1996. Kitu cha zaidi ya miaka 300 chenye dhahabu ao feza kufikia asilimia 10 kinaitwa hazina. Aliyekiona anapashwa kukitangaza ndani ya siku 14 kwa hakimu, yuleyule mwenye kuchunguza vifo vya gafula. Akikificha, anaweza kufungwa miezi 3. Makumbusho ikikitaka, inalipa, lakini si yenyewe inayopanga bei. Kuna komite ya wajuzi iliyosimama kando. Mwenye kuona na mwenye shamba wanaonyeshwa bei iliyopendekezwa, na kama wanaiona ni ndogo, wanaleta maneno yao mbele komite haijakata. Halafu feza inagawanywa, kwa kawaida nusu kwa nusu. Aliyeingia bila ruhusa anaweza kukosa yote.

Mimi ni mutu wa sendika miaka mingi, na bado sijafika kwenye depo moja ambako muchimbaji anaonyeshwa namna asilimia ya jiwe lake ilivyopimwa. Mizani ni ya mununuzi, mashini ya kupima ni yake, kalamu pia ni yake.

Hata kwao mambo hayakuwa ya haraka siku zote. Mwaka 1977, kule Pentney, mu jimbo la Norfolk, muchimba-makaburi mumoja alikuta na jembe lake broshi sita za feza, kazi ya miaka ya 800. Akazipeleka kwa padri. Zikafungiwa mu sanduku la kanisa, zikakaa pale mpaka 1980, padri mupya alipofika na kuuliza ni nini ile. Leo ziko British Museum, London.

Lakini ile sheria iko na kasoro, na inatugusa sisi watu wa shaba. Broshi ya shaba tupu, ikionekana peke yake, haihesabiwi hazina. Ikilala pamoja na ya dhahabu mu kaburi moja, inahesabiwa. Peke yake, hapana. Mwaka 2010 kofia ya askari wa Roma, ya shaba iliyochanganywa, ilichimbuliwa kule Crosby Garrett. Haikuwa hazina, ikapelekwa mu mnada, ikaenda kwa zaidi ya pauni milioni 2, na makumbusho ya karibu ikabaki mikono mitupu. Mpaka 2023 njo waliongeza kwamba kitu cha metali chenye miaka zaidi ya 200 na maana ya pekee kinaweza kuhesabiwa. Broshi nyingi za shaba zingali inje. Kwa hizo kuna watumishi ambao mutu anawaletea kwa kupenda: wanapiga picha, wanaandika mahali zilipotoka, kisha wanamurudishia. Ile kuandika mahali njo kazi yenyewe. Broshi mbili kando ya mabega zinaonyesha kaburi. Kutu ya sindano inaweza kuchunga nyuzi za nguo. Ukisugua ing'ae, umefuta yote.

Kwetu pia viko. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa na mapambo ya shaba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Code minier ya 2002 inasema mwenye haki ya mine akikuta vitu vya zamani asivihamishe, aandikie Leta mara moja. Inasema na mwenye karatasi. Lakini mwenye kushuka mu shimo njo anayeviona kwanza, na mu mikutano ya code tunapashwa kuuliza fungu lake liko wapi.