Cheti cha Shamba na Ujira wa Debe

Kahawa ya arabika ya mashamba makubwa ya Oldeani, pembezoni mwa msitu wa Ngorongoro, hunywewa mbali na Karatu, na mnywaji wa huko hutulizwa na nembo ya cheti kama cha Rainforest Alliance. Kwa kibarua anayetoka vijiji vya Daa kwenda kuchuma, swali ni jingine: cheti hicho kinamlinda na nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 tayari inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na kukataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Lakini mchumaji wa msimu hulipwa kwa debe. Kahawa ikiiva kwa wingi debe hujaa upesi. Mwanzoni na mwishoni mwa msimu, saa zile zile huleta madebe machache, na hapo bei ya debe ndiyo huamua kama siku yake imefikia kima cha chini. Kanuni za vyeti hudai kima hicho, ila mkaguzi hukaa shambani siku chache tu, mara nyingi kwa taarifa. Huona mikataba, vyoo na stoo ya dawa. Wiki zile ngumu hazioni.

Pengo hilo limeua watu kwingine. Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, Karachi, kilipata cheti cha SA8000, cha mazingira ya kazi. Septemba 11 kiliungua, wakafa watu zaidi ya 250, wengi wakiwa wamenaswa ndani. Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka Bangladesh na kuua zaidi ya 1,100. Baada ya hapo ndipo makampuni ya nguo yaliposaini na vyama vya wafanyakazi mkataba unaoyabana kisheria, wenye ukaguzi huru na ripoti za wazi, na mnunuzi akawajibika kuhakikisha fedha za kurekebisha viwanda zinapatikana.

Wenye mashamba wana hoja nzito: bei ya arabika hufuata soko la New York, na akipandisha ujira peke yake mtu atashindwa na Brazili inayovuna kwa mashine. Ni kweli, na ndiyo sababu gharama isiachwe kwao. Mnunuzi anayedai cheti bila kukilipia amemtwisha mwingine wajibu wake. Wengine husema kibarua amekubali kwa hiari. Lakini hiari ya mtu aliyekosa mahindi ni finyu, na sheria haikufuta kima cha chini kwa anayekubali pungufu. Mkataba wa kununua kahawa na utaje bei ya debe pamoja na bei ya kilo, na chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kipewe daftari la madebe kila wiki ya msimu.