Kitabu Chini ya Mto

Mama anaingia chumbani kwa binti yake aliye kidato cha pili. Anakunja shuka, anainua mto, na chini yake anakuta kitabu. Juu ya jalada kuna picha ya msichana na mvulana wameegemeana. Mama anashtuka. Wazo la kwanza ni kukitia kitabu jikoni kiungue pamoja na kuni. La pili ni kumsubiri binti arudi shuleni, amwagiwe maneno hata majirani wasikie.

Wazazi wenzangu, kabla ya kukitia motoni, tukifungue kwanza. Pengine humo ndani mna jambo ambalo mtoto wetu ameshindwa kutuambia kwa kinywa chake.

Vitabu vya namna hii si vya jana

Riwaya za mapenzi zinazoandikwa kwa ajili ya vijana zina umri mrefu, hasa nchini Marekani. Mwaka 1942 Maureen Daly, aliyekuwa na miaka 21 tu, alitoa riwaya ya Seventeenth Summer. Inasimulia habari za Angie, msichana wa miaka 17, aliyempenda kijana Jack katika majira ya joto kabla ya kwenda kusoma chuo. Tangu wakati huo vitabu vya jinsi hiyo vimekuwa vingi, vingine vimefanywa sinema, na leo mtoto anaweza kuvisoma hata katika simu. Kuvizuia vyote ni sawa na kuziba mvua kwa ungo. Afadhali tujue vinasema nini.

Ukivisoma kwa makini utagundua kwamba kiini chake mara nyingi si busu. Ni swali moja linalomsumbua kijana usiku: "Hivi, mimi nilivyo, nani anaweza kunipenda?"

Chukua mfano wa riwaya ya Eleanor & Park ya Rainbow Rowell, iliyotoka Marekani mwaka 2013. Eleanor ana mwili mkubwa, nywele nyekundu na nguo zisizomkaa. Wenzake wanamcheka ndani ya basi la shule. Nyumbani hali ni mbaya zaidi, kwani baba wa kambo ni mkali na nyumba nzima inaishi kwa hofu. Park anapoanza kumwonyesha upendo, Eleanor haamini. Amezoea kudharauliwa kiasi kwamba wema unamtia mashaka.

Au mwangalie Lara Jean katika kitabu cha Jenny Han cha mwaka 2014, To All the Boys I've Loved Before. Huyu hafokewi na mtu. Ana baba mwema na dada zake wanampenda, ingawa mama yao amefariki. Lakini kila anapompenda mvulana humwandikia barua, kisha huificha sandukuni bila kuituma. Kupenda kwa siri hakumwogopeshi. Kinachomwogopesha ni kujulikana. Siku barua zinapowafikia wenyewe, anatamani ardhi ipasuke.

Kwa nini kijana hujiona hafai

Tusiseme ni ujinga wa utoto. Zipo sababu za mwilini. Kwa kawaida wasichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya miaka 9 na 14. Kwa hiyo watoto wa darasa moja wanaweza kuonekana kama mtu na mdogo wake. Anayewahi huona haya, na anayechelewa huona haya vilevile.

Kuna mambo ya kawaida kabisa ambayo kijana, asipoelezwa, huyadhania kuwa ugonjwa. Chunusi hutokana na homoni zinazozidisha mafuta ya ngozi. Titi moja la msichana linaweza kutangulia lingine. Hedhi ya miaka miwili ya kwanza mara nyingi haifuati tarehe. Mvulana naye anaweza kuvimba kidogo kifuani kwa muda, kisha hali hiyo ikaisha yenyewe. Sauti hukwaruza, mikono na miguu hurefuka kabla ya kiwiliwili. Neno moja la mzaha mezani, "We, mbona umekuwa hivyo?", linaweza kumkaa moyoni mwaka mzima.

Ubongo nao haujakomaa. Sehemu zake zinazohusika na hisia na hamu hupata nguvu mapema, lakini sehemu ya mbele, inayopima hatari na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu afikie miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana penzi la kwanza humjia kijana kwa kishindo. Moyo humwenda mbio, chakula hakishuki, daftari liko mbele yake lakini macho yako dirishani. Haigizi. Ndivyo mwili wake unavyosikia.

Hatari iko wapi

Hatari huanza pale mambo hayo mawili yanapokutana, yaani kijana anayejiona hafai na mtu wa kwanza kumwambia kwamba anafaa. Aliye na njaa ya kupendwa huona vigumu kusema hapana. Anaambiwa, "Kama unanipenda, nithibitishie," naye anaogopa kupoteza sifa aliyoipata jana. Mimba za utotoni, magonjwa ya zinaa na masomo kukatika mara nyingi huanzia katika hofu hiyo, wala si katika ukaidi.

Hapo tuseme wazi kwamba si kila kitabu ni mwalimu mzuri. Katika Twilight ya Stephenie Meyer, iliyotoka mwaka 2005 na kupendwa mno duniani, mvulana Edward huingia usiku chumbani kwa Bella na kumtazama akilala, bila yeye kujua. Katika kitabu kinachofuata, cha mwaka 2006, Edward anaondoka, na Bella anakaa miezi mingi kama mtu asiye na uhai, halafu anaanza kutafuta hatari makusudi. Hadithini hayo yanapambwa yakaitwa mapenzi makubwa. Katika maisha, anayekuchungulia, anayetaka kujua uko wapi kila saa na kukutenga na ndugu zako, anakutawala. Na anayetamani kujidhuru kwa kuachwa anahitaji msaada haraka.

Lakini kitabu hichohicho kinaweza kuwa mlango wa mazungumzo. Muulize binti, "Ungekuwa wewe, ungefurahi mtu aingie chumbani kwako hivyo?" Nyamaza, umsikilize.

Mzazi afanye nini

Zamani kazi hii ilikuwa ya bibi na shangazi. Siku hizi shangazi yuko Mwanza na sisi tuko Morogoro. Kazi imeturudia wenyewe.

1. Soma naye. Huna haja ya kumaliza kitabu kizima. Kurasa chache zinatosha kuanzia maneno.

2. Usimcheke. Ukilicheka penzi lake la kwanza, la pili hatakuambia.

3. Mweleze mwili wake mapema, kabla mabadiliko hayajamkuta. Wavulana pia, maana hao tunawasahau.

4. Msifu kwa mambo ya kweli: bidii yake, uaminifu wake, namna anavyomtunza mdogo wake. Anayesifiwa nyumbani hanunuliwi kwa sifa za njiani.

5. Mfundishe maneno ya kukataa. "Sitaki" ni jibu kamili, halidai maelezo.

6. Alale. Kijana wa miaka 13 hadi 18 huhitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kitabu au simu ya usiku wa manane huongeza huzuni na hasira.

Wakati wa kwenda kwa mganga

Huzuni ya kuachwa hupungua siku hadi siku. Lakini ukiona kwa muda wa wiki mbili au zaidi hali vizuri, halali, amejitenga, ameacha mambo aliyoyapenda, au anajinyima chakula ili akonde, mpeleke kituo cha afya. Akitamka kwamba afadhali afe, usingoje hata siku moja, wala usimwache peke yake. Vilevile ukiona alama za kupigwa au hofu ya kurudi nyumbani, uliza kwa upole na umwamini. Eleanor yule wa riwaya aliokoka kwa sababu alikuwapo mjomba, mbali na kwao, ambaye mlango wake ulifunguka. Kila mtoto anahitaji mlango mmoja wa namna hiyo.

Turudi kwa yule mama aliyesimama na kitabu mkononi. Akirudishe chini ya mto. Jioni, wakichambua mchele pamoja, aulize tu, "Kile kitabu chako, huyo msichana amefikia wapi?" Binti atashtuka, atainama, atacheka kidogo kwa haya. Mama asimharakishe, aendelee kuchambua. Mchele ni mwingi, na usiku haujaingia.