Wii, Move au Kinect? Pima keja kwanza ndipo ushuke Luthuli

Ukipita Luthuli Avenue jioni ya Ijumaa, katikati ya spika na televisheni, huenda macho yako yakatua kwenye konsoli za zamani: Wii nyeupe, PS3, Xbox 360. Kando yake utaona rimoti zimefungwa pamoja kwa raba, nyingine zina mpira mweupe kichwani. Hizo ndizo padi za mwendo. Hubonyezi tu. Unarusha mkono, unapiga ngumi au unakata kiuno, na yule wa kwenye skrini anakufuata.

Kwa msee anayetaka kuchangamsha mabeshte wikendi, au aliye na kibanda cha PS pale Kawangware na anawaza kuongeza dansi na tenisi ili avute wateja wapya, vitu hivi vinatamanisha. Shida ni kwamba watu wengi hununua kwa kuangalia video za YouTube, ambako sebule ni pana kama uwanja. Hapa kwetu swali la kwanza si padi ipi ni kali. Ni ipi itakubali kufanya kazi kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda, meko na ndoo za maji.

Tuzipange moja baada ya nyingine.

Wii: Haihitaji nafasi

Nintendo ilianza kuuza Wii Novemba 2006, Marekani ikiwa dola 249.99, na kufikia mwisho ilikuwa imeuza zaidi ya konsoli milioni 101. Rimoti yake ina akselerometa, kifaa kinachohisi unavyoitikisa, na mbele ina kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi. Ule mwamba mwembamba unaowekwa juu ya TV hausomi chochote. Kazi yake ni kutoa mwanga tu, nayo rimoti inautumia kujua imeelekezwa wapi. Ndiyo maana wajanja waligundua zamani kwamba mishumaa miwili iliyowashwa inaweza kushika nafasi yake. Lakini tafadhali usichome nyumba ya landilodi kwa sababu ya tenisi.

Uzuri wa Wii ni kwamba kiwiko kinatosha. Bowling na tenisi za Wii Sports unaweza kuzicheza ukiwa umeketi kitandani, na jirani wa chini asijue.

Ubaya wake? Rimoti za mwanzo zinahisi kutikiswa lakini hazielewi vizuri mkono unapojipinda. Mwaka 2009 Nintendo ilileta MotionPlus, kipande cha kuchomeka chenye jairoskopu, na 2010 ikakiweka ndani ya rimoti yenyewe. Kwa hivyo ukiwa dukani tafuta maandishi "Wii MotionPlus INSIDE" usoni mwa rimoti. Bila hiyo, au kile kipande cha kuchomeka, gemu kama Wii Sports Resort hazichezeki.

Na ufunge kamba ya mkononi. Desemba 2006 Nintendo ililazimika kujitolea kubadilisha kamba takriban milioni 3.2 kwa sababu za kwanza zilikuwa zinakatika na rimoti zinapaa. Kwenye keja ambapo TV iko hatua moja kutoka puani, huo si mzaha.

Move: Shabaha safi, vikwazo vingi

Sony ilijibu Septemba 2010 kwa PlayStation Move. Ule mpira wa kichwani unawaka rangi, kamera iliyo juu ya TV inautazama, na kwa kuona mpira ukikua au ukipungua inajua umesogea mbele au umerudi nyuma. Ndani kuna akselerometa, jairoskopu na kihisi cha usumaku. Matokeo yake ni padi yenye shabaha kuliko zote tatu za enzi hiyo. Cheza tenisi ya meza kwenye Sports Champions ya PS3 utaona: ukiuinamisha mkono kidogo, raketi nayo inainama kiasi hichohicho.

Lakini hapa ndipo wengi huchomeka. Move bila kamera ni tochi ya disko. Kamera ya PS3, iitwayo PlayStation Eye, haifanyi kazi kwenye PS4. Huko unahitaji kamera ya PS4. Tena kwenye PS4 gemu nyingi za Move zinataka kofia ya VR, na hiyo ni bajeti nyingine kabisa.

Jambo la pili ni betri. Wii inakula betri mbili za AA ambazo unanunua kioski chochote. Move ina betri yake ndani, na kama imelala tangu 2010 inaweza kuwa imechoka. Usikubali kuonyeshwa mpira ukiwaka huku waya umechomekwa. Chomoa, cheza dakika kumi, ndipo uongee bei.

Kinect: Mfalme wa sebule kubwa

Microsoft ilikuja na wazo la kutupa padi kabisa. Kinect ya Xbox 360, iliyotoka Novemba 2010 kwa dola 149.99, inamwaga mwanga wa infraredi chumbani, inapima umbali na kutambua kichwa, mikono na miguu yako. Iliuza milioni 8 katika siku 60 za kwanza na ikaingia kwenye kitabu cha Guinness.

Kwa sherehe haina mpinzani. Hakuna rimoti ya kuvunjika wala betri ya kununua. Aliyechoka anatoka, mwingine anaingia.

Sasa chukua futi. Mchezaji mmoja anatakiwa kusimama karibu mita 1.8 kutoka kwenye Kinect. Wawili, mita 2.4. Chumba cha futi 10 ni kama mita 3. Toa nusu mita ya meza ya TV, umebaki na mita 2.5. Ukiwa peke yako, na ukuta wa nyuma hauna kitanda wala sofa, utapata. Mkiwa wawili, mmesimama na migongo ukutani. Jua kali la dirishani nalo linaizubaisha. Na kumbuka gemu zake ni za kuruka, na chini yako kuna mtu amelala kwa sababu ametoka zamu ya usiku.

Kwa hivyo kama uko Kilimani au Kileleshwa kwenye nyumba yenye sebule ya maana, Kinect itakupa raha. Kama ni bedsita Kangemi, itakupa ugomvi.

Usichanganye vizazi pia. Kinect ya Xbox 360 haiingii Xbox One. Ile ya Xbox One ilikuja 2013 ikiuzwa kwa lazima pamoja na konsoli, mwaka uliofuata Microsoft ikaruhusu konsoli kuuzwa bila hiyo, na 2017 ikaacha kabisa kuitengeneza. Xbox Series haziitambui.

Joy-Con na simu yako

Warithi wapo. Nintendo Switch ya 2017 ina Joy-Con, vipadi viwili vinavyochomoka pembeni, kila kimoja kikiwa na akselerometa na jairoskopu. Kwa gemu nyingi za Switch Sports ya 2022, jozi moja inatosha watu wawili. Switch ya kawaida ina skrini na betri yake, kwa hivyo stima ikipotea katikati ya seti mnaendelea. Kasoro mbili: bei, na ule ugonjwa maarufu wa kijiti kusogea chenyewe bila kuguswa.

Ya mwisho unayo mfukoni. Simu yako ina akselerometa kama ya Wii. Just Dance, gemu ya dansi ya Ubisoft iliyoanzia kwenye Wii 2009, siku hizi inakuruhusu kucheza ukishika simu mkono wa kulia. Kwenye PS5 simu ndiyo padi. Kuna pia Just Dance Now, iliyotoka 2014, ambayo haihitaji konsoli hata kidogo: skrini yenye intaneti na simu tu. Gharama yake ni bando, na simu ikikuponyoka mkononi hasara ni yako.

Ukifika dukani

Kwanza, angalia adapta ya stima. Yetu ni volti 240. Wii na Xbox 360 nyingi zilizotoka Marekani zina adapta ya volti 120 pekee. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia harufu ya pesa ikiungua. Soma maandishi madogo ya INPUT. Ikiandikwa 100–240V uko salama.

Pili, uliza diski ni za eneo gani. Wii ya Marekani haisomi diski za Ulaya, na kinyume chake. PS3 haina shida hiyo kwa gemu.

Tatu, Wii haina HDMI. Hakikisha TV yako ina matundu ya AV, yale ya nyaya za rangi tatu.

Nne, jaribu ule mwamba wa Wii kwa kamera ya simu. Kamera nyingi za mbele huonyesha infraredi kama vitone vya zambarau. Upande mmoja ukiwa giza, rudisha.

Uamuzi

Kwa chumba kimoja, chukua Wii yenye MotionPlus, au anza na simu kabla hujatumia hata shilingi. Mwenye PS3 tayari na anayependa ushindani wa kweli, aongeze Move na kamera yake. Sebule kubwa na sherehe, Kinect ya Xbox 360. Anayehama keja kila mwaka na ana doo, Switch.

Na wewe wa kibanda, piga hesabu ya nafasi kabla ya bei. Mtu mmoja wa Kinect anakula sakafu ambayo ingekaa benchi mbili za wateja wa soka, na kila benchi inakulipa kila mechi. Ukitaka dansi iingize pesa, itoze kwa dakika, iwekee siku yake, tuseme Jumapili alasiri, na uchague padi ambayo mteja anaweza kuicheza bila kumpiga kiwiko aliyeketi kando yake.